Nani Humlipia Dereva Pancha ya Salgaa?

Je, msomaji, umewahi kusafiri usiku kutoka Nairobi kuelekea Eldoret au Kisumu ukapita Salgaa? Ukiliacha jiji la Nakuru nyuma yako, haupiti muda mrefu kabla ya kuona malori yamepangana kando ya barabara kama ng'ombe wanaongoja maji. Kuna vibanda vya chai na nyama, vyumba vya kulala wageni, na mafundi wa magurudumu ambao nyundo zao hazinyamazi hata saa nane za usiku.

Wengi wetu tukiyaona magari hayo huwaza mambo mawili tu: kucheleweshwa mlimani, au ajali. Ni wachache wanaofikiri kwamba ndani ya kila kabini kuna mtu anayepiga hesabu. Amelipa pancha kwa pesa zake. Amelipa mlinzi wa usiku. Amelipa vijana waliopakua mzigo. Sasa anajiuliza: je, pesa hizi zitanirudia, au nimekula ada ya shule ya mtoto wangu nikiwa hapa barabarani?

Hilo ndilo swali letu leo. Usidhani ni jambo la madereva na matajiri wao peke yao. Gharama ambayo dereva hakurudishiwa haipotei. Kuna mtu atakayeilipa, na huenda mtu huyo ukawa wewe.

MZIGO UNAOPITA MLANGONI PETU

Barabara hii inatoka bandari ya Mombasa, inapita Nairobi, inateremka Bonde la Ufa kupitia Maai Mahiu au Kinungi, inapita Naivasha, Gilgil na Nakuru, kisha inapanda hadi Mau Summit. Hapo inagawanyika: tawi moja linakwenda Eldoret na mpaka wa Malaba, jingine linaelekea Kericho na Kisumu. Ndiyo njia ya mizigo ya Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo.

Nakuru yenyewe si kituo cha kupita tu. Tangu bomba la mafuta lilipofikishwa magharibi mwa Kenya mwaka 1994, malori ya matangi hupakia petroli na dizeli katika bohari ya Nakuru. Mahindi, ngano, maziwa, mbao na mbolea huingia na kutoka hapa kila siku. Desemba 1, 2021, Nakuru ilipewa hadhi ya jiji, na sehemu kubwa ya uchumi wake inategemea magurudumu.

Kwa hiyo ni familia nyingi za London, Kaptembwo, Free Area, Njoro na Rongai ambazo baba, kaka au mjomba yuko kwenye usukani. Baadhi yenu mnaosoma ukurasa huu mnasomeshwa kwa pesa hizo.

"SHUGHULIKIA, TUTAONGEA"

Safari ya lori ina matumizi ambayo abiria wa basi hayajui. Kuna kuegesha gari usiku penye mlinzi. Kuna chakula cha dereva na utingo wake. Kuna maji ya kuoga, na kitanda wasipolala ndani ya kabini. Kuna pancha, balbu ya taa iliyoungua, kamba ya turubai iliyokatika. Kuna ada za kaunti kwa mizigo fulani. Kuna vibarua wa kupakua, kwa maana mara nyingi mwenye mzigo husema hiyo si kazi yake na mwenye lori husema hiyo si yake pia.

Kwa kawaida tajiri hutoa kiasi fulani cha pesa mapema. Wengine huziita pesa za safari, wengine marupurupu, wengine mailej. Zikitosha, hakuna neno. Zisipotosha, dereva hupiga simu.

"Bosi, gurudumu la nyuma limepasuka hapa Mau Summit."

"Shughulikia, tutaongea ukifika."

Msomaji, katika kazi hii huenda hakuna maneno yanayogharimu zaidi ya hayo. Dereva hawezi kuliacha lori la watu mlimani usiku. Anashughulikia. Anatoa za mfukoni, au anakopa kwa mwenye kibanda, au anampigia mkewe simu amtumie akiba iliyo nyumbani. Akifika, tajiri yuko mkutanoni. Kesho yake lori limepakiwa tena. Wiki mbili baadaye wanapokutana, mmoja anakumbuka Sh3,000 na mwingine anakumbuka Sh1,000, na risiti imelowa mvua.

HESABU YA MWANAFUNZI

Wewe mwanafunzi, chukua kalamu. Tuseme, kwa mfano tu, dereva ana mshahara wa Sh30,000 kwa mwezi. Amepewa Sh6,000 za safari ya siku nne kwenda Malaba na kurudi.

Kuegesha usiku mara nne kwa Sh300 ni Sh1,200. Chakula cha watu wawili kwa Sh800 kwa siku ni Sh3,200. Pancha mbili kwa Sh1,500 ni Sh3,000. Wapakuaji ni Sh2,000. Balbu ni Sh500. Jumla ni Sh9,900. Pengo ni Sh3,900.

Akifanya safari tatu kama hizo kwa mwezi na asirudishiwe kitu, amelipa Sh11,700 za mfukoni. Mshahara wa Sh30,000 sasa umekuwa Sh18,300. Kisha mwisho wa mwezi anaambiwa mafuta yalipungua lita 20, na kwa bei ya Sh180 kwa lita anakatwa Sh3,600. Anabaki na Sh14,700. Toa kodi ya nyumba ya Sh7,000. Sh7,700 zilizobaki ndizo chakula, karo, nauli na dawa.

Sasa tazama jambo moja la ajabu. Katika hati ya mshahara ya mtu huyu utaona kato moja tu, lile la mafuta. Zile Sh11,700 hazimo popote. Mhasibu ataapa kwamba dereva alilipwa Sh26,400, na kwa karatasi atakuwa anasema kweli. Hayo ndiyo makato yasiyoonekana, na ndiyo chanzo cha ugomvi mwingi kati ya madereva na waajiri.

Linalofanana nalo ni siku za kungoja. Lori likikaa siku tano kwenye foleni ya mpakani au nje ya ghala, dereva anayelipwa kwa safari hapati kitu, lakini tumbo haliachi kudai. Anakula kwa pesa za safari ambayo bado haijaisha.

TAJIRI NAYE ANA KILIO CHAKE

Haifai kumsikiliza mmoja tukamwacha mwenzake. Si kila mwenye lori ni mtu wa magari mia. Wengi wana lori moja au mawili, tena la mkopo wa benki. Mteja aliyesafirishiwa mzigo leo huenda akalipa baada ya miezi miwili au mitatu, ilhali benki haingoji.

Tena wako madereva wanaoharibia wenzao jina. Wako wanaofyonza mafuta na kuwauzia wachuuzi wa kando ya barabara. Wako wanaonunua risiti tupu wakajiandikia pancha tano pahali palipokuwa na moja. Mwenye lori aliyeumwa na nyoka mara mbili hushtuka akiona ung'ongo, na risiti ya kweli inapokuja huitupa pamoja na ya uongo.

Kuna pia pesa ambazo hakuna anayetaka kuziandika. Kila Mkenya anajua maana ya "kitu kidogo". Dereva hupewa noti kadhaa na kuambiwa "utaona vile utafanya huko mbele". Baadaye anaulizwa pesa zilikwenda wapi. Atajibu nini? Chai ya namna hiyo haina risiti. Chini ya Sheria ya Hongo ya mwaka 2016, mtoaji ana makosa sawa na mpokeaji, na kampuni inatakiwa kuweka utaratibu wa kuzuia hongo, si kumkabidhi mfanyakazi wake pesa za kuitolea. Dereva anayekubali bahasha hiyo anabeba mizigo miwili: kosa la jinai, na deni asiloweza kulithibitisha kwa yeyote.

KUTOKA MFUKONI HADI MTEREMKONI

Sasa tufike pale ambapo jambo hili linakugusa wewe unayesafiri kwa matatu.

Lori lililojaa ni kitu kizito. Katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, lori la ekseli saba linaruhusiwa kufika tani 56 pamoja na mzigo, na ndiyo maana kuna mizani kama ile ya Gilgil. Kutoka Mau Summit kurudi Nakuru, barabara inateremka kwa kilomita nyingi kupitia Sachangwan na Salgaa. Dereva mwenye busara huteremka kwa gia nzito, ili injini yenyewe ilizuie gari na breki zipumzike.

Lakini wako wanaotoa gia na kuliacha lori literemke lenyewe. Kwa nini? Ili kuokoa mafuta. Mwingine huyauza yaliyobaki. Mwingine anataka tu kipimo kisije kikaonyesha upungufu akatwe mshahara. Gia ikitoka, kazi yote inabaki kwa breki. Breki zinapata moto, zinachoka, na zikifika mahali pa hatari hazishiki tena. Maafisa wa trafiki wamelilalamikia jambo hili kwa miaka mingi kwenye kipande hiki cha barabara.

Hatuhitaji kukumbushwa misiba ya eneo hili. Januari 31, 2009, lori la petroli lilianguka Sachangwan na watu zaidi ya 100 wakafa moto ulipolipuka huku wakiyachota mafuta. Desemba 31, 2017, basi na lori viligongana Migaa karibu na Salgaa, watu 36 wakafa. Juni 30, 2023, trela lilipoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani, kwenye njia ya Kericho, likawaua watu zaidi ya 50, wengi wao wachuuzi na wasafiri waliokuwa kando ya barabara.

Sisemi kwamba misiba hiyo ilitokana na mishahara. Kila ajali ina sababu zake, na ile ya 2009 ilikuwa na yake. Ninachosema ni kwamba dereva mwenye deni huendesha tofauti na dereva aliyetulia. Anayelipwa kwa safari, na aliyeacha Sh4,000 zake njiani, atataka kuzifidia kwa safari nyingine kabla hajalala. Sheria ya Trafiki inamkataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa nane katika kila saa 24. Ni sheria nzuri. Lakini njaa ya nyumbani huiandika upya kila usiku.

DOLA 30 ZA MALABA

Ikiwa unafikiri huu ni ugomvi wa senti, kumbuka yaliyotokea Januari mwaka 2022. Uganda iliagiza kila dereva anayeingia apimwe virusi vya korona mpakani kwa ada ya dola 30 za Marekani, hata kama alikuwa tayari na cheti cha Kenya. Swali likazuka mara moja: nani atalipa? Dola 30 zilikuwa zaidi ya Sh3,000 wakati huo, na dereva huvuka mpaka mara kadhaa kwa mwezi.

Madereva waliegesha malori. Msururu ulirudi nyuma kutoka Malaba kwa makumi ya kilomita. Kwa muda wa siku chache petroli ikaadimika Uganda na bei ikapanda vibaya mno. Hatimaye serikali ya Uganda ililegeza kamba na ada hiyo ikaondolewa kwa madereva.

Funzo lake ni hili: gharama ndogo ya kazi, ikiachwa bila mwenyewe, inaweza kusimamisha nchi mbili. Madereva wale hawakugoma kwa kudai nyongeza ya mshahara. Waligoma kwa sababu walijua gharama ile ingewaangukia wao.

Wala si Afrika tu. Huko Marekani, dereva Dominic Oliveira aliishtaki kampuni ya malori iitwayo New Prime. Alidai kwamba alipokuwa mwanafunzi wa udereva hakulipwa inavyotakiwa, na kwamba baadaye, alipoitwa mkandarasi wa kujitegemea, alikatwa pesa za kukodi lori, za mafuta na za vifaa, mpaka wakati mwingine akajikuta yeye ndiye mdeni wa kampuni. Januari 2019 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba alikuwa na haki ya kusikizwa mahakamani, asilazimishwe kwenda kwa wasuluhishi wa faragha. Katika jimbo la California, sheria ya kazi inamtaka mwajiri amrudishie mfanyakazi gharama zote za lazima alizotumia akifanya kazi yake.

SHERIA YETU INASEMAJE?

Katika Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, usitafute neno pancha, hutalipata. Lakini yapo mambo ambayo kila familia ya dereva yafaa iyajue.

Mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima uandikwe, na kuuandika ni jukumu la mwajiri, si la mfanyakazi. Uonyeshe kiwango cha malipo, namna kinavyohesabiwa, na marupurupu mengine. Asiyejua kusoma ana haki ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa. Tena kesi ikifika mahakamani na mwajiri asiweze kuutoa mkataba huo, ni juu yake kuthibitisha au kukanusha masharti yanayodaiwa. Kwa hiyo tajiri anayekataa kuandika hajilindi, anajichimbia shimo.

Pili, mfanyakazi anastahili kupewa hati ya mshahara inayoonyesha alichopata na kila kilichokatwa.

Tatu, mwajiri hawezi kukata mshahara kama apendavyo. Sheria inaorodhesha makato yanayoruhusiwa. Kwa hasara au uharibifu wa mali, anaweza kukata kiasi cha haki ikiwa mfanyakazi alisababisha kwa kukusudia. Taa iliyovunjwa na jiwe la barabarani si kusudi la mtu. Na makato yote kwa pamoja hayawezi kuzidi thuluthi mbili za mshahara. Yule dereva wetu wa Sh30,000 lazima abaki na angalau Sh10,000 mkononi.

Nne, hata dereva aliyefutwa kazi papo hapo kwa kosa la kweli anastahili kulipwa pesa zote, marupurupu na haki zake hadi siku aliyofutwa. "Ondoka, huna chako hapa" si maneno ya sheria. Na akifariki, anachodai hakizikwi naye: ni haki ya wanaosimamia mali yake kisheria.

Tano, udereva wa magari makubwa ya biashara una kiwango chake cha chini katika amri ya serikali ya mishahara, tofauti na kile cha kibarua wa kawaida. Kiwango hicho hubadilika kila inapotangazwa nyongeza, kwa kawaida Siku ya Wafanyakazi, kwa hivyo ulizia kilichopo sasa katika ofisi ya leba.

Zaidi ya hayo kuna mikataba ya pamoja. Chama cha wafanyakazi kikiafikiana na waajiri na makubaliano yakasajiliwa mahakamani, masharti yake yanakuwa sehemu ya mkataba wa kila mfanyakazi anayehusika. Madereva wa masafa marefu wana chama chao, na wenye malori wana Chama cha Wasafirishaji Kenya, KTA. Pesa za kulala nje, za chakula na za siku za kungoja ni mambo ya kuafikiwa mezani na kuandikwa. Mtu mmoja akiyadai kwenye simu akiwa Mau Summit, hana nguvu.

MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ugomvi mwingi wa madereva hushindwa au kushinda kwa karatasi. Na hapa ndipo nyumbani panapoweza kusaidia, maana dereva yuko njiani lakini daftari laweza kukaa kabatini.

Kabla ya safari, dereva aandike kiasi alichopewa, lita zilizo tangini na kilomita zilizo kwenye mita, kisha mtu wa ofisini atie sahihi. Dakika mbili tu. Hata akikataa kutia sahihi, picha ya mita iliyopigwa kwa simu ina tarehe yake.

Njiani, pancha ikitokea, asiridhike na simu ya mdomo. Baada ya kuzungumza, atume ujumbe mfupi: "Bosi, kama ulivyoniambia, nimelipa Sh1,500 za pancha Mau Summit saa tano usiku." Ujumbe huo hauna ukali wala dharau, lakini ni ushahidi. Alipe kwa simu inapowezekana. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, hata fundi wa kando ya barabara anaweza kutoa risiti isiyolowa mvua.

Akifika, akabidhi risiti pamoja na orodha, na abaki na nakala. Picha azitume kwa mkewe au kwa mtoto aliye kidato cha pili. Mwana huyo, badala ya kushinda na michezo ya simu, ajumlishe kila mwisho wa mwezi: kilichotolewa, kilichotumika, kilichorudishwa, kilichobaki. Atajifunza hesabu, na atajua baba yake anapotelea wapi wiki nzima.

Mama wa nyumbani naye, kila unapotuma pesa barabarani, andika. Ukweli ni kwamba wewe pia unamkopesha tajiri, na pengine hata hajui kwamba upo.

Na wewe mwenye lori unayesoma haya baada ya kutoka kanisani au sokoni, usidhani daftari ni la kukushtaki. Litakulinda dhidi ya dereva mwongo kuliko kelele zote. Weka kiwango kinacholingana na safari yenyewe: lori lenye mzigo linalopanda Timboroa haliwezi kunywa mafuta sawa na linalorudi tupu. Tenga akiba ndogo ya dharura isiyohitaji ruhusa yako saa saba za usiku. Na uweke siku maalum ya kulipa risiti, kabla lori halijapakiwa tena.

UKISHINDWA KUELEWANA

Hatua ya kwanza iwe barua, hata ya ukurasa mmoja, yenye tarehe, kiasi na nakala za risiti. Mwajiri akinyamaza, nenda kwa afisa wa leba wa kaunti au kwa chama chako. Mengi huishia hapo kwa kuitwa mezani.

Yasipoishia hapo, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ina kituo chake Nakuru. Si lazima kwenda Nairobi. Tena tangu mwaka 2018, kesi za wanaolipwa mshahara usiozidi Sh80,000 kwa mwezi zaweza kusikizwa na mahakimu walioidhinishwa kwa kazi hiyo.

Lakini angalia saa. Aliyefutwa kazi isivyo haki ana miezi mitatu ya kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba. Madai ya mkataba wa kazi yana kikomo cha miaka mitatu mahakamani, na yale ya dhuluma iliyokuwa ikiendelea yana miezi 12 tangu ilipokoma. Wengi hungoja tajiri awe na moyo mwema, na siku zinapita.

Basi msomaji, safari nyingine utakapokwama nyuma ya trela linalopanda Sachangwan kwa mwendo wa kinyonga, usipige honi kwa hasira. Aliye mbele yako amebeba sukari yako, mbolea ya shamba la mjomba wako na petroli ya gari ulilopanda. Kama mfukoni mwake mna risiti ambayo haijalipwa, si neema yako wala yangu kwamba anaendesha polepole na kwa gia. Na kama nyumbani kwenu kuna dereva, mkaribishe akifika, mpe chai, kisha mwulize zilipo risiti za wiki hii.